Theluji ya Rwenzori: je, inatabirika kama ile ya Marekani?

Mwongozaji wa Kasese
Wapendwa, naomba msaada. Mimi huongoza wageni mlimani Rwenzori. Novemba iliyopita tulitoka kibanda cha Elena saa tisa za usiku, tukakuta theluji mpya imefika nusu ya muundi na kufunika nyufa zote za barafu, ikabidi turudi. Wageni waliniuliza kwa nini sikujua, maana kwao Marekani dhoruba ya theluji hutangazwa siku kadhaa kabla. Je, kwetu kuna msimu wa theluji unaoweza kutabiriwa?

Mwalimu wa Jiografia, Fort Portal
Ndugu, pole kwa safari iliyokatika, na ulifanya vyema kurudi. Dhoruba za kwao huzaliwa pale hewa baridi ya kaskazini inapokutana na hewa yenye unyevu wa bahari, na mfumo huo, wenye upana wa mamia ya kilomita, huonekana kwenye picha za setilaiti ukisafiri siku baada ya siku. Sisi tuko ikweta, ambako joto hupishana zaidi kati ya mchana na usiku kuliko kati ya Januari na Julai. Theluji ya kilele chetu cha Margherita, mita 5,109, ni mvua ileile ya Machi hadi Mei, na ya Septemba hadi Novemba, inayoganda ikiwa juu. Kwa hiyo soma utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ukiwa na mlima akilini; lakini kumbuka kwamba unaeleza uwezekano wa mvua kuzidi wastani, kuufikia au kupungua, wala hautaji siku. Bahari ya Hindi ikipata joto zaidi upande wake wa magharibi, ulio karibu nasi, kama mwaka 2019, mvua za mwisho wa mwaka huwa nyingi.

Mpagazi wa zamani
Mwanangu, Mwalimu amesema kweli, nami naongeza la njiani. Sisi Wakonzo theluji tunaiita nzururu, na tuliijua kwa baridi ya kibanda cha Bujuku, njiani kuelekea kileleni. Kibanda kile kiko karibu mita 3,960, na joto hupungua takriban nyuzi sita kila kilomita unayopanda. Kipimajoto kikionyesha nyuzi tano jioni huku mvua ikinyesha, sifuri iko karibu mita 4,800, basi kileleni inaanguka theluji. Kikionyesha nane, mvua yenyewe inaipiga barafu, na hilo ndilo linaloniumiza, kwa kuwa barafu iliyobaki ni sehemu ndogo tu ya ile ya mwaka 1906.

Mwongozaji wa Kasese
Asante sana, Mzee. Nitanunua kipimajoto kabla ya kundi la Machi. Nikitundike wapi?

Mpagazi wa zamani
Kivulini, mbali na ukuta wenye jiko, kisipigwe na mvua. Kisome saa kumi na mbili jioni, kisha saa nne usiku, kabla hujawaambia wageni wafunge mizigo.