Re: Re: Pikapu ya umeme, ilishafika au bado?

Shikamooni wakubwa, wengine habari za wikiendi. Kaka wa Calgary aliuliza juzi kama pikapu yangu ilishafika au bado nakaa stesheni kama abiria wa treni ya kati. Imefika jamani, ipo nje hapa Kitchener, Ontario, toka Novemba 2023, nilikaa kimya sababu nilitaka kwanza tuvuke majira ya baridi nisije nikawasifia kitu halafu Januari kikaniumbua.

Nilibuki Mei 2021, wiki ileile Ford walipoitangaza F-150 Lightning, dola 100 kwa kadi, nikajiona mjanja. Nilichokuja kuelewa baadae ni kwamba ile dola 100 inakununulia nafasi kwenye foleni tu, bei haifungwi. Siku ile ya kwanza toleo la chini, Pro, lilitangazwa dola 58,000 hapa Kanada, halafu chipu zikaadimika, malighafi za betri zikapanda, bei nayo ikapaa, Februari 2023 uzalishaji ukasimama wiki kadhaa baada ya gari moja kushika moto huko Dearborn, Marekani, Julai wakashusha bei tena, na sisi wa foleni kazi yetu kusoma imeli. Mke wangu akawa ananiita mzee wa imeli.

Sasa kwa dila, yaani muuza magari, hapa ndo nataka msome taratibu. Nimeitwa kusaini, kijana kaniwekea karatasi, jumla ipo chini kwa herufi kubwa, mimi nikaanza kusoma kutoka juu. Naitrojeni ya matairi. Kuchora namba kwenye vioo. "Marekebisho ya soko", dola elfu tatu, marekebisho gani na mimi nimesubiri miaka miwili na nusu. Halafu dawa ya kuzuia kutu kwenye bodi. Nikamwuliza kijana, hii bodi si ya aluminiamu, kutu itatoka wapi? Akabofya kalamu yake mara mbili tatu, akasema ngoja nimwite meneja. Meneja kaja na kahawa, katoa kutu, katoa marekebisho ya soko, naitrojeni kaing'ang'ania mpaka niliposimama na kuvaa koti. Wa Ontario kumbukeni, sheria ya hapa inataka bei inayotangazwa na dila iwe na ada zote ndani, nje inabaki HST (kodi ya mauzo) na leseni tu. Na kingine, watu wengi wanadhani ukinunua gari kwa dila una siku kadhaa za kubadili mawazo. Huna. Ukisaini umesaini, kwa hiyo ugomvi wote ufanyike kabla kalamu haijagusa karatasi.

Ruzuku ya serikali kuu dola 5,000 niliwahi kuipata mwaka ule wa 2023. Wakati ule pikapu zilikuwa zinaingia ikiwa toleo la msingi ni chini ya dola 60,000, na matoleo ya juu yake yasizidi 70,000, ndo maana sikupanda toleo la mbwembwe. Ila ilikuwa inakatwa baada ya kodi, yaani HST asilimia 13 ulikuwa unalipia bei nzima. Mkoa hautoi kitu toka 2018.

Kosa langu kubwa halikuwa kwa dila, lilikuwa nyumbani kwangu. Miaka miwili na nusu nasubiri gari na sikumwita fundi umeme hata siku moja! Gari imefika, fundi kaja, kafungua lile boksi la breka kule chini, kacheka. Nyumba ya zamani, ampea 100, jiko la umeme, mashine ya kukausha nguo, AC, akapiga hesabu akasema ukiongeza chaja kubwa hapa haipiti. Kubadilisha iwe ampea 200 akaniambia dola 4,500. Tukaishia kufunga breka ya 40 na kifaa kidogo kinachokata chaji mzigo wa nyumba ukizidi, pamoja na kibali cha ESA, mamlaka ya usalama wa umeme ya Ontario, ikawa 2,300. Wiki tatu zote hizo nilikuwa nachaji kwenye soketi ya kawaida, usiku mzima inaongezeka kama unajaza pipa kwa kijiko. Kwa hiyo kaka, fundi kwanza, gari baadae.

Umeme wenyewe nipo kwenye ule mpango wa usiku, saa 5 usiku mpaka saa 1 asubuhi ilikuwa senti 2.8 kwa kilowati-saa majira yale ya baridi ya 2023-24. Betri yangu ni kilowati-saa 98, kuijaza ilikuwa kama dola 3 bila gharama za usafirishaji wa umeme na kodi. Ila jioni za siku za kazi, saa 10 mpaka saa 3 usiku, ilikuwa senti 28.6, ukipika ugali muda huo ujue unapika ugali wa gharama.

- Baba wawili, Kitchener

---

Asante baba wawili. Huku Alberta tunalipa GST, kodi ya mauzo ya serikali kuu, asilimia 5 tu lakini bajeti ya 2024 imetuletea kodi ya dola 200 kwa mwaka kwa magari ya umeme, sijui tumekosa nini. Hujasema baridi. Sema ukweli.

- Calgary

---

Ukweli ni huu. Kwenye makaratasi yangu inaenda kilomita 386. Januari nimetoka kwenda harusini Ottawa, nje ni hasi 19, imejaa kabisa na kioo cha dashibodi kinaniambia 265. Gari ya umeme yoyote inapungua kwenye baridi, betri yenyewe inataka joto na nyie ndani mnataka joto. Nimesimama mara mbili kwenye ONroute, vituo vya mapumziko vya barabara kuu ya 401, karibu saa nzima kila mara, watoto wamekula chipsi mpaka wamechoka, tumefika bibi harusi keshaingia. Dawa ni kuipasha joto asubuhi ikiwa bado kwenye plagi. Na toka mwisho wa Februari 2024 tunaruhusiwa kutumia chaja za Tesla kwa adapta, safari ijayo nitawaambia.

- Baba wawili

---

Hongera kaka, na pole kwa harusi, tuliwawekea pilau. Mie nahamia Kitchener mwisho wa mwezi, nina sofa mbili na friji. Hiyo pikapu inapatikana?

- Dada wa Ottawa

---

Nilijua tu hii imeli inakuja. Inapatikana dada, karibu sana. Ila saa 5 usiku iwe imesharudi kwenye plagi.

- Baba wawili