Mtafsiri filamu kamtukana Liz Eden: "Dume jambazi limekula hela"!

Wakuu, nina hasira mpaka simu inatoa moshi. Yule mtafsiri filamu, mnamjua wote, simtaji. Safari hii kaivamia Dog Day Afternoon ya 1975, filamu ya kisa cha kweli cha wizi wa benki. Mwisho kabisa yanatokea maandishi kwamba Leon sasa ni mwanamke na anaishi New York. Yeye kasoma: "Dume jambazi limekula hela." Halafu kicheko cha kupasua spika za wilaya nzima!

Jambazi? Leon wa filamu ndiye Liz Eden wa kweli, na benki hakutia mguu. Tarehe 22 Agosti 1972, John Wojtowicz na wenzake wawili wanavamia Chase Manhattan ya Gravesend, Brooklyn, Liz, mpenzi wa Wojtowicz, kalazwa hospitalini baada ya kujaribu kujiua. Polisi ndio waliomleta eneo la tukio, na kanzu ya hospitali mwilini.

Limekula hela? Hela ipi? Wizi uliishia uwanja wa ndege wa JFK: Wojtowicz akakamatwa, mwenzake Sal Naturile akapigwa risasi akafa. Upasuaji wa Liz wa kubadili jinsia ulitokana na hela ya filamu hiyohiyo. Wojtowicz aliuza haki za kisa chake kwa dola 7,500, akampa Liz 2,500.

Na hilo "dume"! Kiswahili kilishamtandikia jamvi: "anaishi New York", basi, kiambishi hakiulizi mke wala mume. Yeye kaenda kulitafuta "dume", kisha "limekula", kamtoa Liz kwenye ngeli ya watu! Mwanamke aliyefariki 1987 kwa nimonia ya UKIMWI, ana miaka 41. Dume jambazi limekula hela!

Kahawa Chungu: Naunga mkono. Na Sal kamwita "babu". John Cazale aliyemwigiza alikaribia 40, ila Sal halisi alikuwa kijana wa miaka 18.

Mzee wa Rimoti: Povu lote hili kwa filamu ya 1975? Kunywa maji ulale.

Binti Spika: Mnaacha kosa kubwa. Filamu hiyo ina wimbo mmoja tu mwanzoni, baada ya hapo hakuna muziki wa kusindikiza. Yeye kamwaga singeli mwanzo mwisho! Mtafsiri hushusha sauti ya filamu akiongea, akinyamaza anairudisha. Huyu kaizima kabisa, simu ya Sonny (ndiye Wojtowicz wa filamu) na Leon haisikiki hata neno.

Fundi Dishi: Singeli afadhali. Wanaobana faili mpaka MB 300 ili zijae nyingi kwenye flashi je? Maandishi yanakuwa ukungu, wanaanza kubuni.

Mzee wa Rimoti: Hapo kwenye flashi sasa! Wanauza ya GB 32, ndani ni GB 8.

Fundi Dishi: Ijaze mpaka mwisho, ichomoe, ichomeke tena, ufungue faili za mwisho. Zikigoma, umepigwa.

Kahawa Chungu: Na chaja zao je?