Fundi kanichukulia bodi ya CD kwenye PS4 yangu na hata yeye haimsaidii kitu. Waranti imeisha? Fungueni wenyewe nyumbani

Wakuu habari za majukumu, naandika nikiwa na hasira kwa hiyo mnivumilie nikipiga kelele.

Mashine ni PS4 (PlayStation 4, ile ya kuchezea gemu) nene ya mwanzo, namba ya toleo CUH-11, nimeinunua mtumba, waranti sijawahi hata kuiona karatasi yake. Shida ilikuwa moja tu, joto. Unaweka mpira, mechi haijafika hafutaimu feni inanguruma mpaka jirani anauliza kama nimewasha pampu ya maji, ikizidi inaleta ujumbe kwamba imepata moto sana halafu inazima. Ila CD ILIKUWA INASOMA. Nimeandika kwa herufi kubwa maana hapo ndipo kesi ilipo, niliipeleka kwa fundi na CD ya mpira ikiwa ndani, jana yake usiku nilikuwa naichezea.

Nikampelekea fundi Kariakoo, simtaji jina wala duka, wateja wake watajijua wenyewe. Nikamwambia fundi nataka isafishwe vumbi na ibadilishwe pesti (ile dawa inayopakwa juu ya chipu kupitisha joto), basi. Nikaomba nikae pembeni nione anavyofungua, akasema boss hapa nafasi hamna, wewe nenda zako njoo jioni, na usije ukajaribu kuifungua mwenyewe home utaua waranti.

Waranti ipi jamani??? Hii mashine imetoka kiwandani Kikwete bado yuko Ikulu. Na hizi stika za nyuma zinazotisha watu, huko Marekani mwaka 2018 mwezi wa nne FTC, tume yao ya biashara, iliandikia kampuni sita barua ya kuzionya kwamba kumwambia mteja waranti yake imekufa kwa sababu ya kutoa stika au kutumia fundi wa nje haina nguvu kisheria, na watengenezaji wa gemu walikuwemo humo humo. Sasa kule kwenye waranti hai imekuwa hivyo, wewe unanitishia stika kwenye mashine ya mtumba hapa Kariakoo.

Jioni nimelipa elfu arobaini, "full service boss, iko fresh". Akawasha, menyu ikatokea, akazima. Nafika nyumbani naingiza CD, inaizungusha kidogo, kimya, haionekani kwenye skrini. Nyingine, kimya. Ya jirani ambayo haina hata mkwaruzo, kimya. Na kelele za feni hazikumaliza wiki zikarudi vile vile.

Narudi dukani, naambiwa hiyo ni betri ya ndani imekwisha, lete elfu kumi. Betri yenyewe ni CR2032 ile ya mviringo ya kwenye mizani na rimoti za gari. Na ule ugonjwa wa PS4 kugoma kufungua gemu betri hiyo ya saa ikiisha uliondolewa na apdeti ya mfumo ya 9.00 mwaka 2021, mashine yangu ilishapita hapo kitambo. Nikamwambia. Akaniangalia, akabadilisha wimbo, "boss hizi bodi zikianza kufa ndo zinaanza hivo hivo na CD, andaa laki na themanini au tuachie hii uongeze hela tukupe nyingine". Tuachie hii! Mtu anaiua mashine asubuhi halafu jioni anataka kuinunua kama chuma chakavu.

Nikaibeba nikarudi nayo. Nikanunua bisibisi ya T8 ile yenye tundu katikati (ya kawaida haiingii, kuna kidude kimesimama katikati ya skrubu), tyubu ya pesti, brashi ya kupakia rangi na spiriti ya kusafishia vidonda ya famasi. Vyote havikufika elfu ishirini. Nikaichomoa kwenye umeme nikaiacha kwanza, maana pawa saplai inabaki na umeme ndani hata ukishachomoa, msicheze nayo na msiifungue yenyewe kama hujui unachofanya. Nyuma kuna skrubu nne, moja kichwa kimeshaliwa kwa kulazimishwa na bisibisi isiyo yake, asante fundi. Kifuniko cha chini kikatoka.

Wakuu. Vumbi lipo. Limejaa kwenye feni, limejaa kwenye mapezi ya kupozea, kwenye pawa saplai kuna mende wakavu na mayai yao (PS4 mende wanazipenda kwa sababu ya joto na yale matundu mapana, muulize fundi yeyote). Nikafika kwenye chipu kubwa, pesti ni ile ile ya kiwandani, imekauka inabanduka kama magamba. Yaani hiyo service ya elfu arobaini hakugusa KITU. Hakuna hata alama ya kidole kwenye vumbi.

Sasa alikuwa anafanya nini humo ndani mpaka jioni? Nikatoa kisoma CD. Juu ya bati lake kuna maandishi ya maka peni nyeusi, mwandiko mkubwa kabisa, HAISOMI.

HAISOMI!!! Ametoa cha kwangu kizima akaniwekea kibovu kutoka kwenye boksi lake la spea, na hata maandishi hakuyafuta. Hata spiriti ya buku hakunipakia.

Sasa kwa wasiojua niwaeleze kwa nini hii inauma kuliko wizi wa kawaida. Kwenye hizi CUH-10 na CUH-11 kisoma CD kina kibodi chake kidogo (yaani bodi ndogo ya umeme, sio ile kibodi ya kuchapia), na kile kibodi kimefungwa na bodi kuu ya mashine yako kwa ufunguo wa siri tangu kiwandani. Lenzi unaweza kubadilisha, mota unaweza kubadilisha, hata kisoma kizima unaweza kutoa kwa mwingine, ila LAZIMA kibodi chako uhamishie kwenye hicho kipya. Ukiweka kibodi cha mashine nyingine haisomi milele, hata kiwe kipya kwenye boksi. (Kuanzia CUH-12 hicho kibodi kimeingizwa ndani ya bodi kuu, huko afadhali.) Kwa hiyo huyu bwana amechukua kisoma changu kizima kizima, kibodi ndani, amemfungia mteja mwingine, na huko pia hakisomi! Tunalia watu wawili. Angechukua lenzi tu akaniachia kibodi angalau ningetafuta lenzi nyingine nikaendelea na maisha, yaani hata kuiba hajui kuiba.

Na waliobuni huo mfumo nao sina salamu nao. Wanasema ni kuzuia CD feki, sawa, ila ndo maana kifaa cha kuzunguka na taa, kitu kinachochakaa kabla ya vyote, mwenye mashine hawezi kukibadilisha mwenyewe kama anavyobadilisha pedi ya kuchezea. Huko Marekani ilibidi Ofisi ya Hakimiliki itoe ruhusa rasmi Oktoba 2021 ndo mtu akaruhusiwa kuvuka hiyo kufuli ili atengeneze kisoma CD, na ni hicho tu, vingine vya ndani hapana.

Kuna wajuaji najua wanakuja kusema cheza gemu za kudownload. Wewe una bando la nani? Gemu moja GB 50 mpaka 100, apdeti zake bado, na duka lenyewe la mtandaoni nchi yetu haimo kwenye orodha, unafungua akaunti ya nchi ya watu ndo ununue. Sisi wa CD tunanunua used, tunamaliza, tunabadilishana, tunauza. Bila CD hii mashine kwangu ni redio. Tena ikikosa kibodi chake hata apdeti ya mfumo inagoma katikati, inaleta SU-42118-6, kwa hiyo na onlaini nimefungiwa.

Na wale wa "nunua PS5", hebu tulieni. PS5 slim ya mwaka 2023 kisoma CD unachomeka mwenyewe, ila mara ya kwanza lazima uingie intaneti kisajiliwe na mashine yako. Kufuli ni lile lile wamelibadilishia mlango.

Upande wa joto nimemaliza mwenyewe. Vumbi nimelitoa kwa brashi nje ya nyumba, ukipuliza kwa kompresa ya gereji shikilia mapanga ya feni yasizunguke maana ikizungushwa kwa kasi inazalisha umeme unarudi kwenye bodi. Pesti ya zamani nimefuta kwa spiriti na kitambaa laini nikaacha ikauke kabisa, pesti mpya kiasi cha punje ya harage katikati ya chipu. Tepe za waya fungua kidogo kidogo, usivute, ile nyembamba ya kisoma CD ikikatika umeongeza msiba. Mdogo wangu alikuwa ananishikia tochi ya simu maana umeme ulikatika katikati ya kazi, na bado tulimaliza, skrubu hazikubaki mezani. Saa hizi feni huisikii. Kazi ambayo fundi anatoza elfu arobaini na hafanyi.

Dukani nimerudi na lile bati la HAISOMI mkononi, nikaliweka kaunta mbele ya wateja. Akasema "hiyo boss itakuwa umebadilisha wewe huko nyumbani". Nimeishiwa maneno. Risiti hakunipa, kwa hiyo mkinishauri polisi niambieni na pa kuanzia.

Sasa shida yangu ni hii. Kibodi changu kipo mjini hapa kwenye PS4 ya mtu. Kama una CUH-10 au CUH-11, imepita kwa fundi Kariakoo miezi hii ya karibuni, ilipelekwa kwa sababu CD haisomi ikarudi bado haisomi, njoo PM. Inawezekana hiki chenye HAISOMI ndo cha kwako na wewe una cha kwangu. Bisibisi ninayo, tunakutana popote, tunafungua zote mbili mezani tunabadilishana, soda juu yangu.