Mjadala: Hekalu la Kailasa ni kazi ya mafundi wa karne ya 8, au kuna jambo tunafichwa?

Mtoa mada:

Wanajamvi, nawasalimu. Kwa muda sasa zinazunguka video zinazodai kwamba hekalu la Kailasa, lililoko Ellora katika jimbo la Maharashtra nchini India, haliwezi kuwa kazi ya binadamu wa kale. Hoja zenyewe ni tatu: kwamba mawe yaliyoondolewa ni tani 400,000, kwamba kazi yote ilimalizika kwa miaka 18, na kwamba hakuna ajuaye ilivyofanyika. Kutokana na hayo msikilizaji hupewa njia mbili tu za kutokea, ama mashine zilizopotea katika historia, ama viumbe waliotoka sayari nyingine. Msimamo wangu ni kwamba hekalu hili limechongwa na mafundi wa karne ya 8, kwa nyundo na tindo, na ushahidi upo. Nitaanza na jengo lenyewe, kwa maana wengi tunaobishana juu yake hatujui hata umbo lake.

Ellora ni mteremko wa jabali ambamo yamechongwa mapango mengi, na 34 kati yake yamepewa namba: 12 ya Wabudha, 17 ya Wahindu na 5 ya Wajaini. Kailasa ni namba 16. Kuliita pango ni mazoea tu, kwa sababu halina paa la mwamba juu yake. Ni hekalu zima lililosimama peke yake, wazi kwa mvua na jua, ndani ya shimo lenye urefu wa mita 82 hivi na upana wa mita 46 hivi, ambalo ukuta wake wa nyuma unakwenda juu kiasi cha mita 30. Halikujengwa kwa kupanga jiwe juu ya jiwe. Mafundi walipanda juu ya jabali, wakakata mitaro mitatu, miwili ya ubavuni na mmoja wa nyuma, wakaacha bonge katikati, kisha wakalichonga bonge hilo wakianzia kileleni na kushuka. Aliyechonga kilele cha mnara alikuwa amesimama juu ya mwamba ambao baadaye ungekuwa ukuta, na aliyekuja kuchonga ukuta alisimama juu ya mwamba ambao ungekuwa sakafu. Ndiyo maana hawakuhitaji majukwaa ya miti.

Mgeni hupita kwanza katika lango la ghorofa mbili, akakutana uso kwa uso na mungu wa kike Lakshmi ameketi juu ya mayungiyungi huku tembo wakimmwagia maji. Nyuma yake kuna banda la Nandi, yule fahali wa mungu Shiva, na kila upande umesimama mnara wa nguzo na tembo mkubwa kama alivyo porini. Hekalu lenyewe limebebwa na safu ya tembo waliochongwa kuzunguka msingi, kana kwamba jengo zima liko safarini migongoni mwao. Ndani kuna ukumbi wa nguzo 16, na mwisho wa ukumbi ni chumba chenye lingamu, yaani jiwe lililosimamishwa kama alama ya Shiva. Upande wa kusini, chini kabisa, ndipo penye sanamu ninayoipenda kuliko zote: Ravana, mfalme wa majini mwenye vichwa kumi, amepiga magoti chini ya mlima Kailasa, makao ya Shiva, mikono yake imetanda kama spoku za gurudumu, anautikisa. Juu yake Parvati amemkumbatia mumewe mkono kwa hofu na mjakazi anakimbia, lakini Shiva hana habari. Ameukandamiza mlima kwa kidole cha mguu tu.

Naomba hoja, na kila hoja iwe na msingi.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mtoa mada, umepamba vizuri, lakini kupamba si kujibu. Fanya hesabu. Miaka 18, kila siku saa 12 bila sikukuu wala masika, ni kama saa 78,800. Tani 400,000 ukizigawa kwa saa hizo unapata zaidi ya tani 5 kila saa, na hapo ni kuchimba na kutoa kifusi tu, bado hujachonga hata mkonga wa tembo. Isitoshe huu ni mwamba wa volkeno, basalti, si tofali la udongo. Na kosa moja tu katika uchongaji wa kutoka juu haliwezi kurekebishwa, kwa sababu jiwe lililokatwa halirudi. Nani alikuwa na mchoro kichwani wa jengo zima kabla ya pigo la kwanza? Na kifusi chote kilikwenda wapi? Mimi sisemi ni viumbe wa angani. Nasema maelezo tunayopewa shuleni hayatoshi.

Mchangiaji wa pili:

Naomba nimjibu mwenzangu kwa hesabu ileile aliyoileta, kwa sababu ni nzuri isipokuwa namba aliyoanzia. Chukua vipimo vya shimo: mita 82 mara 46 ni mita za mraba 3,772. Ukuta wa nyuma unafika mita 30 lakini mteremko unashuka kuelekea mbele, basi tuweke kina cha wastani cha mita 20. Tunapata mita za ujazo 75,440. Mita moja ya ujazo ya basalti ina uzito wa tani 2.8 hivi, kwa hiyo shimo zima, hata kama lingekuwa tupu bila hekalu ndani yake, ni tani 211,000 kwa makadirio. Sasa hizo 400,000 zimetoka wapi? Watafiti wengi huandika 200,000 au chini yake.

Tuendelee. Kwa tani 200,000 na saa zako zilezile, inakuwa tani 2.5 kwa saa. Wakiwa wachimbaji 250 kwa zamu, kila mmoja ana kilo 10 kwa saa, yaani jiwe lisilojaza hata robo ya ndoo ya lita 20. Mfalme aliyetawala sehemu kubwa ya nyanda za Dekani, huko India ya kati na kusini, hakushindwa kupata watu 250. Angeweza kuwapata mara kumi.

Mjomba wangu alikuwa mvunja mawe Mwanza, na yale majabali ya kule kila aliyepita anayajua. Nikiwa mdogo nilikuwa nampelekea uji asubuhi. Hakuwa akilishambulia jabali kama mtu mwenye hasira. Alikuwa anazunguka, anagonga kidogo, anasikiliza. Palipolia kama kengele anapaacha, palipolia kama debe bovu ndipo anapochomeka tindo, kwa sababu pana ufa usioonekana. Basalti ya Ellora nayo ina nyufa zake, kwa kuwa ililala tabaka juu ya tabaka kadiri volkeno zilivyokuwa zikimwaga. Ukimsikiliza mtu anayedhani kila kilo ya mwamba ilisagwa kuwa unga, utajua hajawahi kukaa na mvunja mawe.

Na kuhusu kifusi, ndugu yangu, tangu lini kokoto ikaachwa ikae miaka 1,200? Kokoto ni mali. Upo mteremko mbele ya hekalu, ipo miji na ngome iliyojengwa jirani karne baada ya karne.

Mchangiaji wa tatu:

Nakubaliana na matokeo ya hesabu, lakini ninyi nyote wawili mmeanza na miaka 18 kana kwamba ni sheria. Hakuna maandishi ya kale yanayosema kazi ilichukua miaka 18. Namba hiyo inafanana na urefu wa utawala wa Krishna wa Kwanza, mfalme wa nasaba ya Rashtrakuta, aliyetawala takriban kuanzia mwaka 756 hadi 773, kisha ikageuzwa kuwa ratiba ya ujenzi. Wataalamu wenyewe hawajaafikiana. Hermann Goetz, katika makala ya mwaka 1952, alisema kazi ilipitia mikono ya wafalme kadhaa, akaanza na Dantidurga aliyemtangulia Krishna. M. K. Dhavalikar alimpinga baadaye, akaona sehemu kubwa ya hekalu ni ya zama za Krishna, na kwamba vyumba vya ubavuni na nyongeza nyingine ndivyo vilivyofuata. Binafsi naegemea kwa Dhavalikar kuhusu hekalu la katikati, kwa sababu mpango wake umeshikana mno kuwa wa vizazi vitatu, lakini ukisimama katika ua na kutazama kuta za pembeni, unaona mitindo isiyo ya mkono mmoja.

Lililo muhimu zaidi ni hili: Kailasa halikuzuka. Pale pale jirani, katika pango namba 15, kuna maandishi ya Dantidurga, na mapango ya Kihindu ya Ellora yanaonyesha mafundi waliokwisha kuchimba mwamba kwa vizazi. Kusini zaidi, Mahabalipuram, Wapallava, nasaba ya wafalme wa huko, walichonga mahekalu ya jiwe moja katika karne ya 7, na kadhaa kati yake yako nusu: juu yamekamilika, chini ni mwamba mtupu. Kalugumalai, katika jimbo la Tamil Nadu, liko hekalu la Vettuvan Koil la zama za Wapandya, nasaba nyingine ya kusini, nalo mnara wake umemalizika kwa ustadi wa ajabu huku msingi haukuguswa. Mwenzetu anauliza nani alijua kuchonga kutoka juu. Hao hapa, wameacha kazi njiani ili tuone walivyofanya.

Ama kuhusu mchoro kichwani, mchoro ulikuwa umekwisha kusimama. Mwaka 753 hivi Warashtrakuta waliwaangusha Wachalukya, nasaba iliyotawala Dekani kabla yao, na katika nchi ya Wachalukya, huko Pattadakal, lilikuwepo hekalu la Virupaksha lililojengwa kwa mawe ya kupangwa katika miaka ya 740 hivi. Ukiweka ramani za mahekalu hayo mawili pamoja, utaona banda la Nandi, ukumbi, chumba cha lingamu na mnara vimefuatana kwa mpangilio mmoja. Kailasa ni Virupaksha lililokuzwa na kuhamishiwa ndani ya jabali. Aliyelichonga hakuwa anabahatisha.

Mchangiaji wa nne:

Nisingependa mjadala huu upite bila kuligusa jambo linalotuhusu sisi. Mnakumbuka Zimbabwe Kuu? Kwa miaka mingi walowezi walisema kuta zile haziwezi kuwa za Mwafrika. Zikapewa Wafoinike, zikapewa Malkia wa Sheba, wakapewa wote isipokuwa mababu wa Washona. David Randall-MacIver alichimba mwaka 1905 akasema ni za Waafrika, Gertrude Caton-Thompson akachimba mwaka 1929 akasema hivyohivyo, na bado watu waliendelea kukataa. Hata Kilwa na Gedi, ziko nyumba ambazo fundi wake alipokonywa sifa akapewa mgeni aliyepita na jahazi. Sasa leo mtu wa Tanga au Malindi anaposambaza video isemayo kwamba Mhindi wa karne ya 8 hakuweza, natamani kumuuliza kama amesahau jinsi sentensi hiyo ilivyomchoma ilipoelekezwa kwake.

Mchangiaji wa kwanza:

Dada, hoja ya hisia haichongi jiwe. Hata hivyo mimi ni mtu wa haki: hesabu ya tani imenishinda, na yale mahekalu yaliyoachwa nusu sikuyajua. Bado nina swali moja. Kama wafalme walijivunia kazi hii, kwa nini hakuna jina la fundi? Pattadakal mnakosifu, jina la fundi mkuu limeandikwa ukutani. Kailasa kimya.

Mtoa mada:

Swali hili ndilo nililokuwa nikilingojea. Jina halipo, lakini fundi yupo, na yumo katika maandishi ya karibu kabisa na kazi yenyewe. Kuna mabamba ya shaba ya Karka wa Pili, wa tawi la Rashtrakuta la Gujarat, ya mwaka 812 au 813, yaliyopatikana Vadodara. Humo mshairi wa mfalme anasifu hekalu ambalo Krishna aliagiza lichongwe Elapura, na Elapura ndiyo Ellora. Anasema miungu wapitao angani katika magari yao waliliona wakastaajabu, wakasema makao haya ya Shiva yamejizua yenyewe, kwani uzuri wa namna hii hauonekani katika kitu kilichotengenezwa kwa sanaa. Kisha anamleta fundi, ambaye naye, akijua hana tena nguvu ya kufanya kazi nyingine kama hiyo, alijitazama akashangaa: niliwezaje kuifanya?

Tazameni basi. Maneno kwamba kazi hii si ya mkono wa mtu yamekwisha kusemwa, miaka 40 hivi tu baada ya Krishna, na yalikuwa tashititi ya mshairi aliyejua vizuri kwamba fundi alikuwepo. Hata hadithi za Wamarathi za baadaye zinamtaja fundi: malkia aliweka nadhiri kwamba hatakula hadi auone mnara wa hekalu la Shiva, mafundi wote wakasema miezi mingi, isipokuwa Kokasa wa Paithan, aliyeahidi mnara kwa wiki moja, naye akaanza kulichonga hekalu kutoka kileleni ili malkia apate kula. Sichukui hadithi hiyo kama ushahidi wa tarehe. Ila aliyeitunga alikuwa amelitazama jengo akaelewa limeanzia wapi.

Mchangiaji wa pili:

Niongeze dogo kwa wanaolitazama katika picha na kuona jabali jeusi lililofanana na makaa. Halikukusudiwa kuwa hivyo. Mabaki ya lipu nyeupe yangali yamegandamana katika kuta zake, na rangi zipo kwenye dari ya ukumbi wa juu. Mlima Kailasa halisi ni mlima wa theluji, na wao waliupaka chokaa mlima wao.

Mchangiaji wa kwanza:

Hilo la chokaa sikulijua. Nipe hizo namba za mapango ambayo hayakumalizika, nikayatazame mwenyewe.

Mchangiaji wa tatu:

Anza na Vettuvan Koil, kisha nenda kwenye mapango ya Ajanta, nayo yako Maharashtra, pango namba 24. Pale utaukuta mwamba ungali umegawanywa vichochoro, na kati ya kichochoro na kichochoro limebaki bonge ambalo halikuwahi kuvunjwa.