Noti bandia kwenye pesa za wakala: naweza kupata dhamana kabla sijakamatwa?

Wakala wa Rangi Tatu: Wakuu, heshima kwenu. Nina kibanda cha miamala Mbagala. Wiki iliyopita nilipeleka pesa benki, mhudumu akazipitisha kwenye mashine, noti saba za msimbazi (elfu kumi kumi) zikakataliwa. Akazizuia, akamwita meneja, wakaandika jina langu na namba ya simu. Jana kanipigia mtu anajiita mpelelezi, anataka nifike kituoni "tuongee kidogo". Binamu yangu yuko Nairobi, ananiambia nikimbilie Mahakama Kuu niombe dhamana kabla ya kukamatwa, eti kwao inafanyika. Hapa Bongo ipo? Nina mtoto ananyonya, sitaki kulala ndani.

Mzee wa Shimoni: Dada andaa laki mbili, yanaishia hukohuko.

Kanzu Nyeusi: Usimsikilize huyo. Dhamana ya polisi hailipiwi hata senti, na hiyo laki mbili itakuzalishia kesi ya rushwa.

Binamu yako hajakosea. Kenya Mahakama Kuu huitoa, na India imeiweka kabisa kwenye sheria. Sisi Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai haina kifungu hicho. Hapa unadhaminiwa ukishakuwa chini ya ulinzi: kwanza polisi, wakigoma wanatakiwa wakufikishe mahakamani ndani ya saa 24, ukaombe huko.

Kwanza hakikisha ni polisi kweli, matapeli wa simu wamejaa. Muulize jina, cheo na kituo. Kisha nenda mwenyewe, asubuhi, katikati ya wiki. Ukiingia Ijumaa jioni, saa 24 za kwenye karatasi zinaweza kugeuka Jumatatu. Wadhamini wawili wakae benchi la nje na vitambulisho vya NIDA na barua za serikali ya mtaa.

Na maelezo yako yasome mstari kwa mstari. Kuwa na noti bandia kunakuwa kosa pale unapojua ni bandia, kesi nzima iko hapo. Ukisema "mhudumu aliniambia ni bandia", halafu ukute imeandikwa "nilijua ni bandia", usitie sahihi mpaka warekebishe. Anayejua hapeleki noti kwenye mashine ya benki akaacha na jina lake.

Mtoto wa Buguruni: Wakimbambika utakatishaji fedha je? Ule hauna dhamana.

Kanzu Nyeusi: Kwa elfu sabini? Sioni. Lingekuwa begi zima ningeanza kuwaza.

Kaunta Namba Tatu: Nimewahi kukaa dirishani benki. Beba daftari la miamala ya siku ile, na meseji za simu ya kazi usifute hata moja, ndizo zinaonyesha nani aliweka pesa. Elfu sabini yenyewe isahau, noti bandia hairudishwi wala haifidiwi. Siku nyingine inua msimbazi kwenye mwanga kabla hujatuma, sura ya Mwalimu ionekane ndani ya karatasi. Foleni ikilalamika, ilalamike.

Wakala wa Rangi Tatu: Asanteni sana. Daftari lipo. Wakili sina uwezo naye, na mwenyekiti wetu wa mtaa kasafiri msibani. Barua ya mtendaji inafaa?

Kanzu Nyeusi: Inafaa, mradi iwe na muhuri na picha ya mdhamini. Kuhusu wakili, jaribu Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, wana msaada wa bure. Mtoto muache kwa bibi yake siku hiyo.