MJADALA: Kiswahili kina haja ya kibodi yake, au tubaki na QWERTY?

Mwanzisha mada

Wakuu, kabla hamjanirukia, fanyeni jaribio dogo. Wekeni vidole juu ya kibodi ya QWERTY, ile ya kawaida ambayo herufi zake za juu zinaanza Q, W, E, R, T, Y, kama wafanyavyo wapiga taipu: kidole cha shahada cha kushoto juu ya F, cha kulia juu ya J. Sasa andikeni "hujumu".

Herufi sita, zote zimepigwa na kidole kimoja, shahada cha kulia. Jaribuni "huyu", "humu", "juu". Ni yaleyale, maana kidole hicho kimebebeshwa Y, U, H, J, N na M, na vingine vyote vinakaa vikitazama mwenzao akitaabika. Halafu A, herufi inayomaliza karibu kila kitenzi chetu, wameiweka chini ya kidole cha mwisho cha kushoto, kidole dhaifu. "Haraka haraka haina baraka" ina herufi 23, na 11 kati yake ni A. Q na X, ambazo Kiswahili sanifu hakizitumii, zina vitufe vyake na hakuna anayezisumbua.

Mimi naandika programu kutwa nzima na Kiswahili jioni nzima. Hoja yangu ni kwamba tupange herufi upya kwa kuzifuata lugha zetu mbili, Kiswahili na ile ya msimbo, badala ya kurithi mpangilio wa mwaka 1874. Pingeni.

Shabiki wa Dvorak

Mkuu, unataka kuvumbua gurudumu lililokwisha kuvumbuliwa. August Dvorak na shemeji yake William Dealey walipata hataza ya mpangilio wao mwaka 1936. Irabu zote tano wameziweka mkono wa kushoto, safu ya katikati: A, O, E, U, I. Konsonanti nyingi ziko kulia. Silabi zetu karibu zote ni konsonanti kisha irabu, kwa hiyo mikono inapokezana kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Dvorak hakuwa na habari na Kiswahili, lakini kazi ametufanyia. Sakinisha, jifunze, tuendelee na maisha.

Mwanzisha mada

Nimeitumia Dvorak mwaka mmoja na nusu, ndugu yangu. Hebu niandikie "pikipiki".

Shabiki wa Dvorak

...

Sawa. Umenipata.

Mwanzisha mada

Kwa wasioitumia: kwenye Dvorak, shahada cha kushoto kinashika P, Y, U, I, K na X. Kwa Kiingereza hakuna tatizo, K haipatikani sana huko. Kwetu K iko kila mahali: ku-, ki-, -ki-, -ko. "Pikipiki" ni mipigo minane ya kidole kimoja kikipanda na kushuka safu tatu. "Kuku", "kiu", "kipi", "yupi", hali ni hiyohiyo. "Kupika" angalau inamaliziwa na kidole kingine.

Ndiyo maana nasema tatizo halikuwa QWERTY peke yake. Kila mpangilio ni picha ya lugha aliyokuwa nayo kichwani aliyeupanga.

Mtumiaji wa Colemak

Naweka na yangu mezani niepuke aibu ya mwenzangu. Colemak ya Shai Coleman, mwaka 2006. Inahamisha vitufe 17 tu kutoka QWERTY, na Z, X, C, V zinabaki palepale, kwa hiyo kunakili na kubandika hakubadiliki. Niliizoea ndani ya wiki chache. Udhaifu kwa Kiswahili naukiri mwenyewe: shahada cha kulia kimepewa J, L, H, N, K na M. Sasa fikirieni "mkono", "mlango", "mji", "njia", "mno". Hata hili neno "mjadala" linaanza kwa kidole kimoja kuruka mara mbili mfululizo.

Ila kwenye msimbo nimeridhika nayo kabisa, na msimbo ndio unaonilisha.

Mpigachapa mstaafu

Wanangu, nimesoma nikacheka, nikasema na mimi nichangie. Nilijifunza kwenye taipureta ya chuma, mikono imefunikwa kitambaa tusichungulie. Mwezi mzima wa kwanza ni asdf na ;lkj, asdf na ;lkj, mpaka unaiota. Nikafanya kazi hiyo miaka mingi, barua za Kiswahili na za Kiingereza, kwa QWERTY hiyohiyo mnayoitukana.

Siri ya kasi ilikuwa mdundo. Mpigaji mzuri ulimjua kwa kusikia tu: mashine yake ilisikika kama mvua ya rasharasha, haikimbii wala haisiti. Aliyekimbia alikosea, na kosa la karatasi ya nakala nne halikufutika kirahisi.

Swali langu kwenu ni hili. Ninyi mnaotaka kuhamisha herufi, mmewahi kuujifunza mpangilio wa kwanza? Wajukuu zangu wanaandika kwa vidole vitatu huku wakitazama chini. Mtu wa namna hiyo ukimhamishia herufi hapati kitu, atazitafuta tu mahali papya. Na mkiujifunza ule mpya kwa bidii, mwezi mzima bila kuchungulia, mkapata kasi, mtajuaje kasi imeletwa na mpangilio au na ile bidii?

Mkaguzi

Shikamoo mama. Swali lako la mwisho ndilo lililowagonganisha wataalamu kwa miongo kadhaa.

Mwaka 1944 jeshi la wanamaji la Marekani lilifanya majaribio yaliyoipa Dvorak ushindi mkubwa. Tatizo ni kwamba Dvorak mwenyewe alikuwa ofisa wa jeshi hilohilo. Mwaka 1956 Earle Strong alifanya jaribio kwa niaba ya serikali ya Marekani, akawapa wapigaji wa QWERTY nao mafunzo ya nyongeza, akaona hakuna faida ya kuhalalisha gharama ya kubadilisha. Mwaka 1985 mwanauchumi Paul David akaitumia QWERTY kama mfano wa dunia kunaswa na kitu duni kwa sababu kilitangulia. Mwaka 1990 Liebowitz na Margolis wakamjibu kwamba ushahidi wa kuwa ni duni kiasi hicho haupo. Mpaka leo kila upande una watu wake.

Na ile hadithi kwamba Sholes, mbunifu wa taipureta ya QWERTY, alizitawanya herufi makusudi ili kuwapunguza wapigaji kasi, msiirudierudie. E na R, jozi inayojitokeza mno katika Kiingereza, ziko ubavu kwa ubavu kwenye QWERTY. Watafiti wawili wa Kyoto, Koichi na Motoko Yasuoka, walitoa makala mwaka 2011 wakionyesha kwamba wapokeaji wa simu za maandishi (telegrafu), waliotumia mashine zile za mwanzo, walichangia herufi kukaa zilipokaa.

Kwa hiyo, Mwanzisha mada, ukituahidi kasi nitakudai ushahidi. Na ile methali yako ya A 11 ni ujanja. Chukua sentensi ya kawaida uone, usichague methali.

Mwanzisha mada

Nimechukua hiyohiyo yako: "Chukua sentensi ya kawaida uone, usichague methali." Herufi 43. A ziko 7, zinaongoza. E na U zinafuata, 5 kila moja. Haukuwa ujanja, mkuu.

Kasi sikuiahidi, naomba isome tena mada yangu. Ila kuna jambo moja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Aalto, Finland, na wenzao walichapisha mwaka 2018 uchambuzi wa mipigo milioni 136 ya watu 168,000. Waliona kwamba wapigaji wa kasi hubonyeza kitufe kinachofuata kabla hawajaachia cha kwanza. Sasa hilo linawezekana kwa vidole viwili tofauti. Kidole kimoja hakiwezi kushuka mahali pengine kabla hakijainuka kilipo. Mvua ya mama hapo juu inakatika kila "hujumu" inapopita. Ninachokitafuta ni starehe hiyo ya vidole kupokezana, na mkono wangu jioni usiwe kama nimepasua kuni.

Msimbo Kwanza

Mimi naona nyote mnabishana mahali pasipo na maumivu. Mwandishi wa programu anatumia muda mwingi akifikiri na kusoma kuliko kuandika herufi. Anapoandika, kinachomuua ni alama: mabano ya kila aina, nukta mkato, mstari wa chini, alama ya sawasawa. Karibu zote zimerundikwa upande wa kidole cha mwisho cha kulia, nusu yake zinadai Shifti. Kwenye kibodi ya Kijerumani hali ni mbaya zaidi, mabano ya mawimbi yanapatikana kwa kushikilia kitufe cha AltGr.

Mimi herufi sijazigusa hata moja. Nimetengeneza tabaka: nikishikilia kitufe kimoja karibu na dole gumba, herufi za safu ya katikati zinageuka kuwa mabano na alama. Ule mfungo wa herufi kubwa (Caps Lock), kitufe kikubwa kisicho na kazi, nimeugeuza kuwa Kontroli. Basi. Nilizoea ndani ya siku nne, na nikikaa kwenye kompyuta ya mwenzangu bado naandika kama binadamu. Ninyi wa Dvorak mkiazimwa kompyuta mnageuka watoto wa chekechea.

Halafu kuna Vim, programu ya kuandikia msimbo iliyotokana na vi. H, J, K, L zilichaguliwa kuongoza kishale kwa sababu Bill Joy aliandika vi kwenye mashine ya ADM-3A iliyochorwa mishale juu ya vitufe hivyo. Hamisha herufi uone utakavyotapatapa.

Shabiki wa Dvorak

Hilo la kuazimwa kompyuta ni kweli, na liliniumbua mbele ya watu, nywila ikakataa mara tatu. Lakini Vim huzoeleka. Unajifunza kwa neno, hujifunzi kwa mahali.

Mpita njia

Jamani, Kiswahili kingi siku hizi kinaandikwa kwa simu, madole gumba mawili. Hamjaitaja simu hata mara moja.

Mwanzisha mada

Umesema kweli, na kwenye simu jedwali lote linageuka, maana vidole ni viwili na kinachohesabika ni kupokezana kushoto na kulia. Tufungulie mada yake. Hapa nabaki na kibodi ya vidole kumi.

Msimbo Kwanza, la matabaka nalichukua lote, wala halipingani na langu.

Mkaguzi

Niongeze mfano mmoja kwa faida yako, ingawa una ncha mbili. Uturuki walifanya hasa unachotaka. İhsan Sıtkı Yener alihesabu herufi za maneno ya Kituruki, na mwaka 1955 mpangilio unaoitwa F ukawa rasmi kwenye taipureta zao. Wapigaji wao waling'ara nao katika mashindano ya kimataifa. Kisha kompyuta zikaja kutoka nje na QWERTY iliyoongezwa herufi za Kituruki, na watu wengi wakaichukua ile iliyokuja ndani ya boksi. Mpangilio ulikuwa mzuri, na bado ulishindwa na boksi.

Mwanzisha mada

Ndiyo maana simwombi yeyote auze kibodi. Siku hizi mpangilio ni faili tu. Kwenye Linux unaandika jedwali la XKB, mfumo wake wa kupanga vitufe, kwenye Windows kuna programu ya Microsoft ya kutengeneza mipangilio, na kibodi zenye QMK, programu inayokaa ndani ya kibodi yenyewe, unazibadilisha ndani kwa ndani, kwa hiyo ukiichomeka kwa jirani inakuja na herufi zako.

Rasimu yangu hii. Nimekusanya meseji zangu za Kiswahili na mafaili yangu ya msimbo, nusu kwa nusu, nikahesabu jozi za herufi badala ya herufi mojamoja. Irabu nimeziweka kulia. A nimeitoa utumwani, iko chini ya shahada, mahali pa J. I kidole cha kati, U cha pete, O cha mwisho. E iko juu ya A. Kushoto nina N, K, W na M, kila moja na kidole chake. Kitufe cha ng' kimechukua mahali pa Q.

Mtumiaji wa Colemak

Umeharibu hapo kwenye E. Soma kwa sauti: pokea, tembea, ongea, endelea, potea. E kisha A, kidole kilekile. Umetoka kwenye "hujumu" ukaangukia "endelea".

Mwanzisha mada

Mh. Basi nibadilishane E na O.

Mtumiaji wa Colemak

Ondoa, toa, choma moto rasimu yako. "Oa" imejaa vilevile, na ukigeuza unakuta wao, yao, ambao. Ukiweka U: jua, chukua, fungua. Ukiweka I: pia, sikia, tulia. Vitenzi vyetu vinaishia hivyo vyote. A haiwezi kugawana kidole na irabu yoyote. Mpe kidole chake, umwekee majirani wasiotembelewa kama X na V.

Mpigachapa mstaafu

Au mpe dole gumba. Kule Uingereza Lillian Malt, aliyekuwa akifundisha watu kupiga chapa, alishiriki kutengeneza kibodi ya Maltron, na E ya Kiingereza ikawekwa chini ya dole gumba. Madole gumba yenu mawili yanagombania kitufe kimoja cha nafasi, mmoja wao hana kazi.

Msimbo Kwanza

Kwenye laptopu haiwezekani mama, kile kitufe cha nafasi ni kirefu na ni kimoja.

Mwanzisha mada

Basi toleo la laptopu: A peke yake kwenye shahada. Zinabaki irabu nne kwa vidole vitatu, mbili lazima zilale chumba kimoja. Nimepitia jozi zangu. E na O inaumiza leo, cheo, ondoe, itoe. I na O inaumiza sikio, kilio, kimbilio. Naelekea U na O, zitakazoumia ni nguo, chuo, funguo. Nani ana neno lenye "ou" ambalo nimelisahau?