Mrejesho: shotigani ya mtumba ya kulinda nyumba

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza shotigani gani ya mtumba inafaa kulinda nyumba hapa Marekani kwa dola 300. Nimechukua Mossberg 500, geji 12 (kipimo cha upana wa tundu la mtutu), mtutu wa inchi 28, kwa muuzaji mwenye leseni. Fomu 4473, ile ya serikali kuu ya kumkagua mnunuzi wa bunduki, ilipita.

Ushauri wenu wa kwenda dukani na risasi bandia (zisizo na baruti) za kujaribia ndio uliosaidia kuliko yote. Bunduki ya kwanza niliiacha: ndoano ya kutolea maganda imelika. Vuta pampu (kishikio cha chini ya mtutu) polepole, ndipo ubovu unaonekana. Ukivuta kwa nguvu unajificha. Kisha tochi ndani ya mtutu, kutafuta kutu na uvimbe.

Kilichogoma ni kubadilisha mtutu niweke mfupi. Ule wa inchi 20 ni wa bunduki yenye magazini (bomba la risasi chini ya mtutu) ya risasi 7, haukai kwenye hii ya 5. Unaoingia ni wa inchi 18.5. Msikate wa zamani kwa msumeno: chini ya inchi 18 bila usajili wa serikali kuu ni jinai.

Magazini ilikuwa na kijiti cha wawindaji bata cha kupunguza nafasi, ikabeba risasi 2 tu, nimekitoa. Sefu bado natafuta, kwa sasa ni kufuli la waya.